Ukuta kwa Ukuta

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilifagia chumba cha Baba na Mama. Nilianzia mlangoni, nikapita mbele ya kabati, nikainama kufagia chini ya kitanda, kisha nikafika dirishani. Hapo ufagio wangu ulipunguza mwendo. Chini ya dirisha kulikuwa na kigoda, na mbele ya kigoda kulikuwa na ndara za Mama, ya kulia na ya kushoto, vilevile alivyozivua siku aliyotoka na asirudi. Nilifagia kuzizunguka, polepole, kama mtu anayefagia karibu na mtoto aliyelala. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Sheria hiyo niliitunga mimi, na Baba aliitii bila kuuliza.

Mama hakufa, msije mkanielewa vibaya. Aliteleza kwenye ngazi za kazini kwake, akavunjika nyonga, akapelekwa hospitali ya mifupa katika mji wa mbali. Tuliambiwa ni wiki sita tu. Wiki sita zikageuka miezi minane, maana mfupa ulikataa kuunga, ikabidi apasuliwe mara ya pili, kisha ya tatu. Kila Jumapili alipiga simu. Nilizungumza naye najifanya mkubwa, nikampa habari za shule, za mvua na za paka wetu mwizi. Simu ikikatwa, nilikwenda kukaa sakafuni karibu na zile ndara. Nilikumbuka hata mambo ambayo zamani yalinikera, kama alivyonivuta nywele akinisuka, yeye amekaa kwenye kigoda na mimi nimekaa chini kati ya magoti yake, nikipiga kelele kana kwamba nachinjwa.

Siku moja simu ililia na haikuwa Jumapili.

"Naruhusiwa," Mama alisema. "Narudi nyumbani, mwanangu. Nitatembea kwa magongo mawili, lakini natembea."

Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Baba alipochukua simu aliambiwa jambo jingine pia. Daktari alikuwa ameonya kwamba mgonjwa wake asikanyage sakafu inayoteleza. Akianguka tena, kazi yote ya miezi minane imekwenda na maji. Na sakafu yetu ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Hata paka akikimbia alikata kona kwa ubavu.

"Hilo niachieni mimi," alisema Mjomba.

Mjomba ni kaka yake Mama, na ni fundi wa mazulia. Ametandika maofisi, mahoteli na kumbi za mikutano, ila kwake mwenyewe analala kwenye saruji tupu, na ukimuuliza anakwambia daktari wa meno naye ana pengo. Ana mdomo, Mjomba. Lakini alipotamka neno "dada yangu" siku ile, hakutania.

Alhamisi Baba alisafiri kwenda kumchukua Mama. Wangerudi Jumapili mchana. Ijumaa, nilipotoka shule, Mjomba alinipigia simu kutoka upande wa pili wa mji, ambako alikuwa akimalizia ukumbi wa ofisi fulani.

"Injinia!" Ndivyo anavyoniita.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Futikamba yangu niliisahau kwenu, juu ya kabati la jikoni. Nipimie chumba cha mama yako, urefu na upana. Upime ukuta kwa ukuta, sio kitanda kwa kabati. Kesho asubuhi tunakwenda dukani, mchana natandika."

Nilimwita rafiki yangu wa jirani anishikie ncha ya futikamba. Yeye tunamwita Kicheko, kwa sababu mwalimu akikohoa tu, yeye yuko chini ya dawati amejishika mbavu.

Urefu haukutusumbua. Upande uliotazamana na dirisha hapakuwa na kitu, tukanyoosha futikamba kutoka ukuta wa mlangoni mpaka ukuta wa nyuma: mita nne na sentimita themanini na tano. Upana ndio uliokuwa na kazi. Ukuta wa dirisha ulikuwa umezibwa na kabati upande huu na kitanda upande ule. Njia pekee ya kufika ukutani ilikuwa katikati, chini ya dirisha, na hapo palikuwa na kigoda na ndara.

"Sogeza," alisema Kicheko.

"Hapana."

"Sekunde moja! Tunapima, tunazirudisha."

"Hazitarudi kama zilivyokuwa."

"Hizo ni ndara, si mayai."

Nilivuta futikamba hadi kwenye ncha za ndara, nikasoma mita tatu na sentimita thelathini. Kilichobaki nilikipima kwa macho. Ndara robo mita. Kigoda nacho robo na zaidi kidogo. Nikaweka sentimita sitini.

"Jumla mita tatu na sentimita tisini. Andika," nilimwambia.

"Hujapima, umebuni."

"Nimekadiria."

"Ni kulekule kubuni, ila umekuvisha tai," alisema, akaandika huku anacheka.

Jioni Mjomba alipiga tena. Nikamsomea vipimo. Akauliza, "Umepima ukuta kwa ukuta?"

"Ukuta kwa ukuta," nilijibu.

Maneno matatu tu. Yalitoka kirahisi mno.

"Safi kabisa! Upana uko chini ya mita nne! Hujui umenifurahisha vipi."

Sikujua kweli. Nilikuja kujua kesho yake.

Duka la mazulia lilikuwa refu na jembamba, lina harufu ya sufu na gundi. Maroli ya mazulia yaliyoviringishwa yamelazwa juu ya vyuma kila upande. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene, miwani yake ikining'inia kwa kamba kifuani. Kwa kuwa Mjomba aliniambia leo mteja ni mimi, nilijikaza nikasema, "Shikamoo, mama. Tunataka zulia lenye upana wa mita tatu na sentimita tisini."

"Marahaba, mwanangu," alisema, halafu akacheka, ila si kwa ubaya. "Upana huuchagui wewe. Upana unakuja na zulia lenyewe."

Akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye roli moja na kulipigapiga ubavuni. "Nyumbani ukisema upana, una maana upande mfupi wa chumba. Hapa dukani, upana ni vile roli lilivyofumwa kiwandani, kutoka ncha hii mpaka ile. Haya ni mita nne, yote. Mimi siongezi wala sipunguzi. Ninachokata ni urefu."

"Ndiyo maana nilifurahi jana," Mjomba alidakia. "Chumba kina mita tatu na tisini, roli lina nne. Linaingia zima! Ile ziada ya sentimita kumi naipunguza kwa kisu, kwisha habari. Lakini chumba kingezidi mita nne, hata kwa kidole kimoja, tungelazimika kuunga kipande. Ukiunga, una mshono. Mshono ukikaa njiani ukaanza kuinuka, unakamata ncha ya gongo. Unanielewa, Injinia?"

Nilielewa vizuri sana.

Zulia tulilolichagua lilikuwa la kahawia, rangi ya ganda la karanga. Nilipitisha mkono juu yake. Kwenda, manyoya yalilala yakang'aa, na kurudi yakasimama yakawa meusi kidogo. Niliwaza miguu ya Mama juu yake. Kwenye simu alikuwa amesema sakafu ya hospitali ni baridi mpaka kwenye meno, na kwamba anatamani kukanyaga kitu laini kabla hajasahau kilivyo.

"Rangi hii imebaki mita nane tu," alisema mwenye duka, "na tatu zimeshawekewa mtu. Chukueni tano. Chumba chenu kina nne na themanini na tano, kwa hiyo mtabaki na kijukanda cha kupunguza." Akavaa miwani, akachukua kisu. "Mmepima vizuri? Maana nikishakata, sirudishi."

Mjomba akaniwekea mkono begani. "Kapima Injinia wangu."

Nilifungua mdomo. Nataka mwamini kwamba niliufungua. Lakini mkono wake ulikuwa mzito na wenye fahari, nami nikajiambia pengine macho yangu hayakukosea. Kisu kikapita, mgongo wa zulia ukalia kraaa, na nafasi yangu ya kusema ikapita pamoja nacho.

Mchana ule Mjomba na baba yake Kicheko walitoa kabati na kitanda nje. Ndara nilizitoa mwenyewe. Sheria yangu haikuwa na nguvu tena, zulia lilikuwa linasubiri mlangoni. Nilizichukua kwa mikono miwili, na papo hapo mkanda wa ile ya kushoto ukachomoka, ukabaki unaning'inia. Nilihisi kama nimekata kitu kilicho hai. Nilizifunga kwenye kitambaa, nikazificha jikoni nyuma ya ndoo.

Tulilitandua zulia. Mjomba akalisukuma kwa goti mpaka likabana ukuta wa dirisha. Likalala vizuri, likajaa mlangoni, likajaa nyuma. Halafu tukageuka kutazama upande wa pili. Kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho, saruji ilikuwa inaonekana, ukanda wa kijivu mpana kuliko kiganja changu.

Mjomba alipima zulia: mita nne kamili. Akapima chumba: mita nne na sentimita kumi na mbili. Akapima tena. Kisha akatoa mfukoni kipande cha boksi alichoandikia vipimo nilivyomsomea, akakisoma, akajikuna kichwa.

"Hii simu yangu," alisema taratibu. "Jana ilikuwa inakatakata. Wewe ulisema nne na kumi na mbili, mimi nikasikia tatu na tisini. Masikio yangu yameharibika kwa nyundo. Nisamehe, Injinia."

Kicheko alikuwa mlangoni. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na hata chembe ya kicheko. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Simu ndiyo ingebeba kosa, na simu haina mdomo wa kujitetea. Lakini Mjomba aliniomba msamaha. Mtu mzima, mikono yake imejaa makovu ya visu, aliniomba mimi msamaha.

"Hukusikia vibaya, Mjomba," nilisema. "Nilikudanganya. Sikufika ukutani. Nilipima mpaka kwenye ndara za Mama, nikakisia sentimita zilizobaki."

Akatoka nje, nikamsikia akinywa maji barazani. Aliporudi hakuniita Injinia.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Sikutaka kuzisogeza." Machozi yalinitoka, na sikuyafuta. "Nilitaka akute kila kitu kama alivyokiacha. Nilidhani nikisogeza kitu chochote, hatarudi."

Mjomba alikaa chini juu ya zulia, mgongo ukutani. "Nami nilimkumbuka sana dada yangu," alisema. "Kwa haraka ya kumfurahisha, fundi mzima nimekatiwa zulia la chumba ambacho sijakipima mwenyewe. Wanafunzi wangu ningewafukuza. Kwa hiyo tuna wajinga wawili na zulia moja, na kesho mchana mgonjwa anaingia. Nani ataanza kufikiri?"

Niliwaza kwa sauti. Nilisema tuache ukanda wa saruji wazi. Akatikisa kichwa: ncha ya gongo ikitumbukia pale, dada yake chali. Nikasema tuunge. Tulikuwa na kile kijukanda cha ziada ya urefu, sentimita kumi na tano kwa mita nne. Hapo akatikisa kichwa kidogo tu.

"Tutaunga. Swali ni wapi. Nikilisogeza zulia lote, pengo linaweza kuwa kule dirishani au huku. Lete ufagio. Leo wewe ni mama yako. Ingia, nenda kila atakakokwenda."

Nilishika ufagio kama gongo. Nikaingia mlangoni, nikaenda kitandani, mahali kitanda kilipokuwa. Kutoka kitandani nikaenda dirishani, kwa sababu Mama hawezi kuamka bila kufungua pazia. Kila ufagio ulipogusa, Mjomba aliweka alama ya chaki. Kicheko alisahau huzuni, akaanza kunielekeza: "Mama yako hatembei hivyo, anarusha mabega!" Tulipomaliza, alama zilijaa dirishani na katikati ya chumba. Kando ya ukuta wa pili hapakuwa na hata moja.

"Basi hapo," alisema Mjomba. "Mshono unakwenda mahali mguu hauendi. Zulia zima libaki dirishani. Na ili mguu usije ukaenda huku kwa bahati mbaya, kabati na kitanda vinahamia huku, juu ya mshono."

"Kitanda kisiwe karibu na dirisha?"

"Kisiwe."

Kwa miezi minane nilikilinda chumba kile kisibadilike hata kwa unene wa kidole, na sasa nusu yake ilikuwa inahama. Lakini Mama aliyekuwa anarudi alikuwa na magongo mawili, na yule asiyekuwa nayo hakuwa njiani kuja.

"Sawa," nilisema.

Mjomba aliupunguza ule ukanda, akauweka kwenye pengo. Ulionekana mweusi kidogo kuliko zulia. Nilipoupapasa nikajua sababu: ulikatwa kwa upana wa roli nasi tukaulaza kwa urefu, kwa hiyo manyoya yake yalilala upande tofauti na ya wenzake. "Ningejua kipimo mapema," Mjomba alisema, "ningetafuta rangi yenye urefu wa kutosha, nikakata ukanda unaolala sawa na zulia. Usingeuona." Hakusema kwa kunisuta. Nilisutika hata hivyo.

Kulikuwa na tatizo lingine. Ukanda ulikuwa na mita nne, ukuta nne na themanini na tano. Mjomba alijikuna tena kichwa. Mimi nilikwenda nje, nikapima kabati. Safari hii nilipima kweli, ncha hadi ncha.

"Kabati lina mita moja na ishirini," nilisema. "Likikaa pembeni kabisa, litafunika sehemu iliyokosa zulia. Miguu yake ya nyuma tuiwekee vibao isiyumbe."

Mjomba alinitazama, na midomo yake ikaanza kucheza. "Haya, Injinia. Leta vibao."

Jumapili mchana gari lilisimama nje. Nilisikia magongo kabla sijamwona: ko, ko, ko, juu ya saruji ya baraza. Alikuwa amekonda, na nywele zake zilikuwa fupi. Nilitaka kumrukia, Baba akanizuia, kwa hiyo nilimkumbatia kiunoni taratibu kama glasi, yeye akaniwekea kidevu kichwani. Tulikaa hivyo kwa muda. Alinuka dawa, na chini ya dawa alinukia Mama.

Kisha akaingia chumbani, na ile ko, ko ikanyamaza. Alisimama akatazama chini. Akavuka chumba kizima mpaka dirishani, gongo moja, gongo la pili, bila kukwama popote, akafungua pazia.

"Kitanda kimehama," alisema.

Nilimweleza kila kitu kwa pumzi moja: kipimo, uongo, kisu, mshono, na jinsi Mjomba alivyotaka kubeba kosa langu. Kisha nikaenda jikoni, nikaleta kile kitambaa, nikakifungua mbele yake. "Na hii ya kushoto nimeikata, Mama. Niliitunza miezi minane, halafu nikaikata siku moja kabla hujaja."

Mama alizitazama. Akamtazama Baba, akamtazama Mjomba, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda.

"Hizi? Mwanangu, mkanda huu ulikatika asubuhi ileile niliyoondoka! Nilizivua hapa nikavaa viatu, nikasema jioni nikirudi nazitupa."

Kicheko, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alianguka chini kabisa. Nami nililia na kucheka kwa pamoja. Mama alinivuta, nikakaa kati ya magoti yake, taratibu, upande wa mguu mzima.

"Sikiliza," alisema, mkono wake kichwani kwangu. "Kunikumbuka si kosa. Hata kukisia si kosa, sote tunakisia. Kosa lilikuwa pale ulipokiita kisio kipimo, maana wenzako walikata zulia kwa neno lako. Siku nyingine ukishindwa kufika ukutani, sema tu: hapa sijafika. Mjomba wako angekuja kupima mwenyewe, hata kwa miguu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Na jana ulisema kweli wakati uongo ulikuwa umeshapata pa kujificha. Hilo nimelisikia pia." Akanisukuma bega kidogo. "Sasa katupe hayo matakataka."

Nilizichukua zile ndara, nikaenda kuzitupa mwenyewe kwenye pipa nyuma ya nyumba. Niliporudi, Mama alikuwa amevua viatu. Alikuwa amesimama mbele ya kigoda, mahali palepale, peku, anachezesha vidole vya miguu kwenye zulia.